Kanzu Kwenye Tundu la Ukuta

Juzi niliokota mwiba wa nungunungu kando ya ukuta wa shamba letu hapa Birkat al Mauz, nikaikumbuka alasiri ile. Baba alikuwa amefariki karibuni. Mama amekaa eda, hatoki nje, na nungunungu walikuwa wakifukua viazi vitamu, chakula chetu kilichobaki. Mimi mkubwa ndiye niliyetumwa.

Mama alichomoa chini ya mto wake kanzu ya baba, haijafuliwa, inanuka jasho na udi.

"Kaitundike penye tundu la ukuta. Nungunungu akisikia harufu ya mtu, haingii."

"Si ya baba hiyo?" mdogo wangu akauliza.

"Ndiyo. Mwacheni atulindie."

Nilikwenda nimenuna. Nilidhani amekwisha kumsahau baba, ndiyo maana nguo yake inapelekwa kwenye tope la falaji, mfereji wa maji upitao penye tundu lile. Leo mama naye hayupo, na najua alichokuwa akikilalia.

Viazi vilipona. Tulipokwisha kuvichimba, nilimrudishia kanzu. Aliinusa kifuani, akainusa makwapani, akaigeuza, akainusa tena. Kisha akaitia kwenye beseni.

"Haya," akasema, "sasa inafulika."