Tumelaza sale nzima chini kwa kunyamaza

Leo watu wote wa konseri walilala chini, na hakuna risasi hata moja iliyopigwa.

Musicheke bado.

Mchana huu tulikuwa tunapiga jazi katika sale, ukumbi wa chuo, kule Himbi. Mimi gitaa, Furaha besi, Kambale ngoma. Hatuandiki kitu, kila mutu anasikiliza mwenzake.

Katikati ya wimbo nikawapa ishara: tunyamaze kidogo, halafu turudi pamoja.

Kwetu huo ni muziki. Lakini hapa Goma, wanamuziki wakinyamaza ghafula, watu wanajua wamesikia mlio wa risasi.

Wanafunzi waliokimbia vita kule Rutshuru wakasogea mbali na madirisha, wakalala chini. Sale nzima ikafuata. Hakuna aliyepiga kelele.

Na mimi, kuona vile, nikajua wao ndio wamesikia. Nikajitupa chini na gitaa yangu. Kambale alikuwa ameshalala nyuma ya ngoma zake.

Tukabaki hivyo, kila mutu akingojea mlio. Wenye mulikuwa mule, semeni kama naongopa.

Mwishowe muzee mmoja wa mbele akauliza polepole: "Nani amesikia?"

Hakuna.

"Basi nani alianza?"

Nikainua mukono, nikiwa bado chini. "Papa, ilikuwa muziki."

Wengine wakacheka. Mama moja aliyemkumbatia mutoto wake hakucheka.

"Pigeni," akasema. "Lakini musinyamaze tena."

Tukapiga mpaka mwisho bila kuacha nafasi ya kupumua.

Mama yule hakurudi kwenye kiti; alibaki chini na mutoto wake.