Suti ya Ernest

Imelda hakuwa mwanamke wa kusemwa. Tangu amfuate mumewe masomoni Guangzhou, China, hakuna Mtanzania aliyemwona Ernest mitaani na shati lisilopigwa pasi. Nyumbani tu ndiko alikomwachia avae lile sweta lake la kijivu, akiinamia picha za Wakiowa, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, zilizopigwa katika karne ya kumi na tisa. Huo ndio uliokuwa utafiti wake.

"Mama Nelly, hebu ona. Shati hili la ngozi kalivaa huyu, na huyu, na yule pale. Ni la mpiga picha. Kawaazima."

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio, Baba Nelly."

Ernest akacheka, kisha akairudia picha. "Walikuwa na zao nzuri, za kujivunia. Nani aliwauliza?"

Moyo ukamsimama Ernest ghafla kabla hajamaliza tasnifu. Maiti ikawa inasubiri ndege pale uwanja wa Baiyun, na Wilbard, mdogo wa marehemu, akapiga simu kutoka Moshi: "Shemeji, tunataka picha ya kutangulia jeneza. Ya suti. Askofu atakuwepo."

Imelda naye alitaka hivyo hivyo. Lakini picha ya karibuni ilikuwa moja tu: Ernest kavaa sweta, anacheka. Akaipeleka duka la picha la mtaa wa Huanshi Zhonglu. Laoban, mwenye duka, akakikata kichwa kwa kompyuta, akakibandika juu ya suti nyeusi. "Haokan! Amependeza!"

Kweli alipendeza. Imelda akageuka kufuta machozi, akakutana na picha za mfano ukutani: mzee wa Kichina, kijana wa Kinaijeria, mwanafunzi mwenye miwani. Wote suti ile ile, tai ile ile nyekundu, hata kunjo la begani lile lile.

Akamgeukia Laoban. "Mrudishie sweta lake," akasema.

Alipomtumia Wilbard picha hiyo, simu ikalia papo hapo.

"Shemeji, sweta? Tena limechakaa kola! Watu watasema ulikuwa unamtunzaje?"

"Ni lake, Wilbard."

"Basi utawaeleza wewe, mbele ya ukoo mzima."

"Nitawaeleza."

Alijua hataweza. Nani msibani atasimama asikilize habari za Wakiowa? Watasema, na watasema mpaka naye azikwe. Akaipakata picha kifuani, uso wa Ernest ukitazama nje, akashuka nayo kwenye metro katikati ya watu.