Mwaka Uso Wangu Ulipovimba

Pumu ilinianza nikiwa bado mke kijana, huko Ziwani, msimu wa kuchoma majani chini ya mikorosho. Moshi ulinibana kifua nikashindwa hata kuita mtu. Mume wangu alikuwa kuli bandarini Mtwara na nyumbani alikuja kwa nadra, hivyo jirani, mama mtu mzima, ndiye aliyenipandisha lori la korosho hadi hospitali.

Sindano zilinituliza kidogo tu. Ndipo daktari akanipa vidonge vidogo vyeupe, prednisoloni. Baada ya siku chache nilipumua kama mtu ambaye hajawahi kuugua. Nikarudi navyo nyumbani, nikawa nalima, natwanga, nakula kwa njaa isiyokwisha.

Kisha uso ukaanza kujaa. Mashavu yakawa duara, macho yakazama, tumbo likatuna, ngozi ya mikono ikawa inachubuka kwa kuguswa tu. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Mmoja alinipongeza kwa mimba. Nilipomwambia sina, alicheka. Tangu hapo nikawa nateka maji jua la utosi, wakati hakuna mtu.

Mume wangu alirudi kazi zilipopungua bandarini. Alinikuta barazani nikimenya muhogo.

"Shikamoo, mama," alisema. "Wenyeji wapo?"

"Ni mimi."

Alinitazama hadi nikainamisha kichwa. Siku alizokaa alizungumza nami kwa adabu ya mgeni, kisha akaondoka.

Siku hiyohiyo nikaacha vidonge, maana uvimbe ulikuja navyo. Haikupita wiki, miguu ikaishiwa nguvu, nikatapika, nikaanguka shambani. Yule mama jirani akanipeleka tena.

"Nani alikwambia uache?" daktari aliuliza.

"Hakuna. Niliitaka sura yangu."

Akavuta kiti, akakaa. "Mwili wenyewe hutengeneza kitu kama dawa hii. Ukivizoea vidonge, mwili huacha kutengeneza. Ukivikatisha ghafla, unabaki huna kitu. Huwa tunapunguza kidogo kidogo. Nilipaswa kukueleza mapema."

Tulipunguza kwa miezi mingi. Kifua kilibana mara mojamoja, lakini nilipumua, na uso ukarudi.

Mume wangu alipokuja tena alitabasamu toka mbali. "Sasa ndiyo wewe," alisema.

Nilimpakulia, akala, akaingia kulala. Nikabaki barazani peke yangu. Miezi yote ile nilikuwa mimi vilevile, na tangu aondoke hakuja kunijulia hali.