Sale Chini ya Ndizi

Mtanisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na maneno mengine huenda nimeyakosea, maana niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea sindano ya cherehani kuliko kalamu. Hata kusema si hodari, watu wakiwa wengi nanyamaza. Lakini juzi nilipanda kijijini kwetu Uru kumzika bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi yangu, nikakuta kihamba chetu kimepasuliwa katikati. Wajomba zangu wawili wamegombana, wakang'oa uzio wa masale na kusimamisha ukuta wa tofali. Tangu siku hiyo nina neno kifuani, ndiyo maana nakuandikia, polepole.

Kama hujafika kwetu, sale ni mmea wa majani marefu membamba, kijani mwaka mzima. Uchaggani tulizungushia vihamba vyetu, yale mashamba ya nyumbani yenye migomba na kahawa. Na mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale lenye fundo, huwezi kumkatalia. Likishaingia mkononi mwako, yamekwisha.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya soko Kiboriloni, Krismasi ikikaribia. Nilikuwa mtoto, nalelewa na bibi. Tuliteremka na ukungu ungali kwenye migomba, maji ya mfereji yakiongea pembeni mwa njia. Bibi alibeba kichwani kikapu cha mshare, ndizi zetu za kupika, mimi kikapu cha maparachichi. Tulipofika jua lilikuwa limetoka, na soko linanuka dagaa, ugoro na mandazi ya moto. Mitumba ilikuwa imeanza kuja kwa wingi. Wauzaji walipanda juu ya malundo wakirusha magauni hewani na kuimba bei. Bibi aliniacha nizunguke. Nilijaribu kiatu chekundu kizuri sana, nikatafuta mwenzake kwenye lundo zima, hakuwepo. Hata leo nakifikiria.

Niliporudi kwenye safu ya ndizi, bibi mdogo alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwetu, ametupa mgongo. Walikuwa hawasemezani tangu mwaka uliotangulia. Kwenye harusi moja ya ukoo, bibi alionja mbege aliyopika mdogo wake, ile pombe yetu ya ndizi, mbele ya wakwe akasema, "Hii imechacha." Basi. Krismasi iliyofuata, ukoo wote ulipokusanyika kwetu kuchinja mbuzi, bibi mdogo hakuja. Bibi alimtengea bakuli lake la kisusio, ile supu ya mbuzi, likakaa mpaka likaganda. Sijawahi kumwona bibi akilia isipokuwa siku ile.

Sasa bibi aliinua ndizi za chini kikapuni mwake, akatoa jani la sale lenye fundo. Bibi mdogo aligeuka akaliona. Akafunga mzigo wake haraka, akajitwisha na kuondoka. Alijua sheria: akilipokea hawezi kukataa, kwa hiyo dawa ni kutolipokea.

Wanawake wa safuni wakaangua kicheko. "Mama, mdogo wako anakimbia!"

"Akimbie," bibi alisema. "Hata kama anakwenda kileleni."

Tukapanda. Kwangu ilikuwa siku ya raha isiyo na mfano. Tulipita vijiji ambavyo sikuwahi kuvifikia, kilima baada ya kilima, kahawa imeiva nyekundu, watoto wakitukodolea macho getini. Kwenye mashine ya kusaga tuliambiwa, "Ametoka hapa sasa hivi." Kanisani juu mfagiaji akasema, "Shikamoo mama. Alipita, hata maji hakunywa." Tulikaa kwenye ngazi za kanisa tukala kiburu kilichofungwa kwenye jani la mgomba, ndizi na maharage, kimepoa na bado kitamu. Chini kabisa mabati ya Moshi yalimetameta. Bibi alikohoa, akajisugua magoti, akasimama tena.

Kwa bibi mdogo tulimkuta mjukuu wake mlangoni.

"Bibi yuko wapi?"

"Bibi amesema nikwambie hayupo."

Bibi hakucheka, ingawa mimi nilishindwa kujizuia. Aliingia uani, akakaa kwenye kigoda karibu na pipa la mbege, akapaza sauti kuelekea migombani. "Nina kiu. Naona mbege hapa. Nachota."

Akachukua kata, akachota, akainua.

"Usinywe!" sauti ikatoka nyuma ya banda la ng'ombe. "Imechacha hiyo! Si ulisema mwenyewe?"

Bibi akainywa yote, taratibu, mpaka kata ikatazama juu. Akajifuta mdomo. "Mdogo wangu, kilichochacha ni mdomo wangu. Mbege yako ni tamu. Ilikuwa tamu hata siku ile."

Bibi mdogo akajitokeza, majani ya ng'ombe yamenasa kwenye kilemba, macho mekundu. "Wewe dada una miguu ya mbuzi," alisema. "Nimekuzungusha milima yote hii hukuchoka?"

"Nimechoka. Pokea basi nikapumzike."

Akanyoosha mkono.

Krismasi ile alikuja na pipa zima la mbege, akakaa karibu na bibi, na kisusio chake alikinywa cha moto. Nikifumba macho bado nasikia wakizomeana kwa furaha juu ya nani kamenya ndizi vibaya.

Sasa wote wawili wamelala migombani. Kahawa imekatwa, imepandwa nyanya. Siku ya maziko wajomba walisimama pande mbili za kaburi bila kutazamana, na mimi nikawaza: hata mmoja wao akitaka, atachuma wapi jani? Nyuma ya ukuta nilikuta kisiki kimoja kinachipua. Nilikivunja kipande nikaja nacho mjini, nikakipanda kwenye kopo kando ya cherehani. Kimeshika. Jana kimetoa jani jipya, bado fupi, halijatosha kufungwa fundo.

Nangoja lirefuke, ndipo nipande nalo Uru, ingawa sijui mtu mwoga kama mimi ataanza kwa mjomba yupi. Wewe unayesoma, kama huko kwenu masale bado yapo, au kama mna kitu kingine mnachopelekeana, tafadhali niandikie. Mwandiko usikutie aibu. Wangu umeshauona.