Ngazi ya Nyuma katika Nyumba ya Masista

Bibi yangu hakumzika binti yake. Mama alifia huku Maryland, akazikwa huku, na Bibi aliliona kaburi kwenye simu, akiwa Mombasa. Lakini la kaburi haliulizi. Huuliza Mama alikuwa akishinda wapi. "Nichoree hiyo nyumba," aliniambia, "nami nijue mwanangu alikuwa wapi."

Mama aliwauguza masista wazee katika jumba la zamani la shamba lililogeuzwa makao yao. Sasa jumba linauzwa na masista wanahama. Niliposikia kwamba funguo zinakabidhiwa wiki ijayo, nikafunga safari.

Asubuhi ya safari, mtaani Langley Park, basi lilikwama kwenye ujenzi wa reli. Nikawa nachonga penseli zilizokwisha kuchongwa. Niseme kweli: kuchora majengo nimejifunza mwenyewe, kwa video na vitabu vya maktaba, na kila mstari naogopa utaniumbua. Mchoro ukipinda kidogo, nauchana.

Kufika Lanham nilibadilisha basi, kisha nikatembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu mpaka langoni.

Jumba ni la matofali mekundu, na mbele lina nguzo ndefu nyeupe. Madirisha ya kulia yamelingana na ya kushoto kama uso wa mtu. Ukiingia, ngazi pana inajipinda kwenda juu bila kuegemea kitu. Ukumbi wa dansi umefanywa kanisa; juu ya altare bado imetambaa mizabibu ya plasta, ya enzi za karamu.

Sista Anjelika, mzaliwa wa Bukavu, alinipokea. "Mutoto wa Mama Rehema! Uko na sura yake kabisa. Lakini yeye alikuwa anakula. Wewe unakula?"

Nilikaa ukumbini nikachora ile ngazi, nikimwona Mama akipanda na sinia. Nikafuta, nikachora tena. Sista akachungulia.

"Unachora nini, mwana wangu?"

"Njia ya Mama."

"Hapana. Mama yako hakuwa anapita huku."

Alinipeleka nyuma ya jiko, akafungua mlango nilioudhania kabati. Ndani mlikuwa na ngazi nyembamba, ya giza, imebanwa kati ya kuta mbili, vidato vyake havilingani. Ilijengwa kwa ajili ya watumwa wa jumba, alisema, ili wageni wasiwaone wakipita.

"Mlimpitisha huku?" Sauti ilinitoka kali.

"Tulimukataza! Tulimwambia apite mbele kama siye. Akacheka tu. 'Sista, mbele ni kwa wageni. Mimi mtu wa nyumbani.'"

Kwetu ndivyo: mgeni hugonga mbele, mwenye nyumba hupita uani. Mama alikuwa ameleta adabu ya Mombasa ndani ya nyumba iliyojengwa kwa nia nyingine kabisa. Nilipanda, mabega yakigusa huku na huku, na katikati nikaketi nikalia. Sista aliketi kidato cha chini yangu.

Jioni, kwenye basi la kurudi, nilikuwa na michoro miwili. Ngazi ya mbele ilikuwa safi, haina kosa. Ya nyuma niliichora upesi, imepinda. Nilitamani sana kutuma ile nzuri. Bibi angelala vizuri. Ndipo nilipojua kwamba siku zote nimechora ili nisionekane nimekosea, si ili mtu aone.

Asubuhi yake nilituma ile iliyopinda, nikampigia. Nilimweleza yote, na ya watumwa pia.

"Pana mahali pa kushika?" aliuliza.

"Hapana, Bibi. Lakini ukuta wa kulia umelainika kwa viganja vya waliopita, na cha Mama."

"Kulia," alisema. Nikamsikia akiupapasa ule mchoro kwa kidole, kwenye kioo cha simu.