Turbo ya marehemu ndugu yangu na safari ya maziko kutoka Kitale hadi Ndalu

Wakuu, heshima kwenu.

Nasoma nyuzi za magari humu kila siku na huwa napita kimya. Leo nimeona mtu anauliza kama inafaa kufunga turbo kwenye gari la NA, yaani injini iliyotoka kiwandani bila turbo. Nikasema hapana, hii yangu lazima niiseme. Ni kweli tupu, sina cha kuongeza chumvi.

Niko cyber hapa Kitale. Nikikatika ghafla jueni stima zimepotea.

Ndugu yangu mkubwa aliitwa Wafula. Alikuwa na Toyota Trueno nyeupe, na alilipenda hilo gari kuliko usingizi. Injini yake ilikuwa nzuri, lakini yeye alitaka turbo. Alitaka kusikia ule mluzi wa turbo tu, bana.

Mzee wetu, mkulima wa Ndalu, hakutaka kulisikia. Aliamini litamuua mwanawe. Siku moja walikosana vibaya, Mzee akasema gari hilo lisiingie tena kwa boma lake.

Wafula naye alikuwa na kichwa kigumu. Akasema kama gari haliingii, hata yeye haingii. Hakukanyaga nyumbani tena.

Turbo aliipata, akapeleka gari kwa Bwana Singh, Kalasinga mwenye gereji pale Bungoma. Kazi ikiwa katikati, figo zikamlaza hospitali hapa Kitale.

Nilikuwa nikienda kumwona anauliza gari kwanza, halafu ndio anauliza mama. Mara ya mwisho aliniambia, "Ikiisha uilete hapa chini ya dirisha. Mimi nisikie tu."

Haikuisha kwa wakati. Mzee alikuwa anangoja gari lije limuue, kumbe ni figo.

Singh aliposikia msiba aliacha kazi zingine zote akamalizia ile. Aliweka intercooler, ile ya kupoza hewa ya turbo, kubwa kabisa, mbele ya radiator. Tulilijaribu barabara ya Webuye, likaenda vizuri, mkono wa temperature haukucheza. Tukapeana mikono.

Wakuu, shikeni hapo. Tulijaribu mbio. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria mwendo wa maziko.

Siku ya kutoa mwili nikawekwa na Trueno nyuma tu ya gari la maiti, picha ya Wafula kwenye kiti cha kando yangu. Mzee alikuwa kwenye pickup nyuma yangu. Aliona Trueno pale mochari akageuza uso.

Msafara wa maziko mnaujua. Unatambaa. Intercooler imeziba radiator, upepo hakuna, jua nalo lile la Januari. Kabla ya Kiminini mkono wa temperature ukaanza kupanda. Nikafungua heater yote ili itoe moto kwa injini. Nikawa naoga jasho na suti, lakini wapi.

Mvuke ukatoka kwa bonnet, gari likazima. Msafara wote ukasimama.

Sasa kwetu, kitu kikisimama hivyo njiani mbele ya maiti, hakuna anayeuliza maji. Wanawake walianza kulia upya. Mjomba wetu akashuka, akaangalia gari, akaangalia lile la maiti, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu kijana amekataa. Hawezi kwenda kwa boma amefukuzwa."

Kila mtu akamwangalia Mzee.

Mimi nilijua ni nini. Nilifungua mdomo niseme ni intercooler. Lakini Mzee alikuwa ameshashuka, anakuja na bakora yake, na uso wake ulikuwa umevunjika. Nikanyamaza.

Aliweka kiganja juu ya bonnet. Ilikuwa ya moto, wakuu. Hakukitoa.

"Wafula, baba," akasema. "Nilisema hii gari isiingie kwangu. Nilikuwa naogopa tu. Leo nasema iingie. Iingie mbele yangu, mimi nifuate. Twende nyumbani, baba."

Watu wakaimba, mmoja akaomba, tena kwa urefu. Mimi nikaongeza maji polepole. Injini ikapata nafasi ya kupoa. Nilipopiga starter, ikashika mara moja. Mama alipiga magoti pale pale barabarani.

Mzee alisema mbele, basi nikapita gari la maiti. Na mbele hakukuwa na wa kunizuia. Nikakanyaga kidogo ili radiator ipate upepo. Hapo ndipo turbo ikaamka, ule mluzi ukajaa gari lote.

Niliangalia picha pale kwenye kiti. Nikamwambia sikia. Nililia hadi Ndalu.

Nikaingia langoni wa kwanza, na Mzee akafuata.

Kwa wenye swali la turbo: inafaa, lakini radiator ipate hewa yake, fungeni feni nzuri, na gari lijaribiwe kwenye mwendo wa pole pia. Mimi nilishahamisha intercooler, na gari halijachemka tena.

Lile lingine sijalipatia jibu. Mwaka jana tukiwa tunapukuchua mahindi, Mzee aliniuliza bila kuniangalia, "Unafikiri alinisamehe pale njiani?"

Nikamwambia, "Si uliona ikawaka, Mzee."

Akatingisha kichwa kukubali, akaendelea na mahindi.

Nyinyi mngesema nini? Leteni maoni, hata matusi napokea. Ila kama wewe ni wa Ndalu na unamjua Mzee wangu, tafadhali, mambo ya intercooler yaishie hapa.