Nilimtoa shemeji kwenye duara la dhahabu nikampeleka kuzamia ziwani, nusura nimuue

Wakuu, habari za mihangaiko. Wale wa kusema "hii chai" karibuni, kikombe mje nacho. Mimi sina cha kupata kwa kudanganya. Haya nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyameza kabisa pamoja na maji ya ziwa.

Mimi ni fundi injini. Nyumbani ni Kahama, ila kwa sasa niko upande wa Geita, ziwani, kwenye mradi wa kufuga sato kwa vizimba.

Kwa wasiojua, kizimba ni wavu mkubwa unaoelea majini, samaki wamo ndani. Wavu ukitoboka samaki wanajiondokea. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuzama chini kukagua na kushona.

Mwaka huu bosi akataka wazamiaji wake mwenyewe, training bure. Nikajiandikisha. Halafu kwa kiherehere changu nikampigia simu shemeji yangu Masanja, kaka wa mke wangu.

Masanja ujana wake wote ameumalizia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu ambayo mnashuka kwa kamba. Mke wangu Mama Kulwa alikuwa hana amani. Aliposikia kaka yake anakuja ziwani alishukuru Mungu, ila akaniambia neno moja: "Baba Kulwa, wewe ndiye unayemtoa huko. Sasa yuko mikononi mwako."

Mnaona nilivyojifunga kamba mwenyewe?

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Tanga, Mwalimu Bakari. Mpole, ila kwa kurudia rudia hana mpinzani. Sheria yake ya kwanza: usibane pumzi. Hewa unayovuta kwenye mtungi ukiwa chini inatanuka unapopanda juu. Ukifunga mdomo inakosa pa kutokea na inakupasua mapafu. Pumua muda wote, panda taratibu. Alisema asubuhi, alisema mchana, alisema tunakula ugali.

Masanja anapiga miayo.

Kila kitu anakijua. Yeye ameshuka futi mia mbili ndani ya mwamba, mita nane za maji ni kitu gani? Nikisema naogopa anacheka, eti ndiyo shida ya mafundi, mmezoea kubaki juu na spana zenu. Wakuu, aliniudhi huyu mtu. Na ufukweni, kwenye maji ya kifuani, akawa anafaulu kila zoezi, kiburi kikazidi.

Ikafika siku ya boti.

Upepo ulianza mapema. Watu wanalidharau ziwa kwa sababu halina chumvi. Njooni siku limekasirika. Boti inapanda, inaanguka, mitungi inagongana, mimi chai ya asubuhi yote nimeirudisha. Mwenzetu wa tatu kwenye mafunzo alikuwa ameshika ukingo anasali.

Mwalimu Bakari akatuuliza kama kuna asiyejisikia vizuri, aseme, hakuna aibu, tutarudi siku nyingine.

Nikamtazama Masanja. Amepauka, midomo imekauka, na bado anatabasamu. Huko alikotoka anayesema anaogopa anabaki juu kupika maharage. Nami nikaona aibu kunyoosha mkono mbele ya shemeji. Wote kimya. Wanaume tuna ujinga, jamani.

Tukajitupa.

Chini maji ni ya kijani, ukinyoosha mkono vidole huvioni vizuri. Tukateremka kwa kufuata kamba ya kizimba. Mawimbi ya juu yanavuta wavu, unapanda na kushuka, na sisi tumening'inia hapo hapo, uso kwa uso.

Mara wavu ukayumba ukampiga Masanja usoni. Miwani yake ya kuzamia ikajaa maji.

Tulifundishwa cha kufanya. Mara kumi. Unatulia, unapuliza kwa pua, maji yanatoka. Yeye? Akaachia kamba, akafunga mdomo, mashavu yamevimba, akaanza kupiga miguu kwenda juu.

Nikatafuta mapovu yake. Hakuna hata moja.

Nikamdaka pezi la mpira alilovaa mguuni, likachomoka likabaki mkononi mwangu. Nikamdaka mguu wenyewe. Akanipiga teke la taya. Sikuachia. Mwalimu Bakari akatokea pembeni, akamkandamiza ngumi chini ya mbavu, ndipo mapovu yakatoka kwa fujo. Tukapanda naye polepole, mmoja huku, mmoja kule.

Kupanda botini nako ni kesi, ngazi inakupiga kichwa kila wimbi likija. Tukamvuta kama gunia. Anakohoa, anashika kifua, anasema panachoma.

Niliogopa, wakuu. Nilikuwa nampangia dada yake maneno kichwani na hayapangiki. Nililia, maji usoni yakanisitiri.

Hospitali wakamwekea oksijeni, wakampiga picha ya kifua. Daktari akasema ana bahati, mapafu mazima, ila alazwe waangalie.

Nilipojua hafi, hasira zote zikarudi. Nikakaa pembeni ya kitanda nikaanza. Nikamwambia ana kichwa cha jiwe, ameambiwa wiki nzima kitu kimoja tu, kimoja! Nikamwambia kujua sana ndiko kutakakomzika.

Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema taratibu:

"Shemeji, kule duarani baruti ililipuka kabla ya wakati, moshi ukajaa. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alivuta pumzi apige kelele. Mimi nilibana mpaka juu."

Akapapasa kifua, akaongeza:

"Gete, kweli kabisa, sikukusudia. Dada hajui habari hii. Usimwambie."

Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua humu. Siku ile nilichukua chungwa nikaanza kummenyea.

Mwalimu Bakari, kwa ruhusa ya Masanja, nilimweleza. Hakukasirika. Alisema kosa ni lake, siku ya kwanza angeuliza kila mtu ametoka wapi na huko alijiokoaje.

Masanja alipumzishwa, na daktari alipomruhusu akaanza upya kwenye maji ya kiunoni. Zoezi lake ni moja: kila anapopanda, aimbe kwa kuunguruma, kifaa cha hewa kikiwa mdomoni. Mtu anayetoa sauti hawezi kubana pumzi. Akachagua wimbo wa kulima wa Kisukuma, na wakuu, sauti hana kabisa.

Nilichojifunza ni kwamba mtu mzima unayemfundisha anakuja na mazoea yaliyomwokoa kwingine. Muulize kwanza, matusi baadaye. Na ukiwa kwenye boti unaogopa, sema. Maharage hayamuui mtu.

Wazamiaji wa Mafia na Pemba mliomo humu, nisaidieni: mazoea ya namna hii yanatoka baada ya muda gani? Au hayatoki? Na wachimbaji nanyi semeni, nadhani Masanja hayuko peke yake.

Nauliza kwa sababu leo asubuhi tulishuka tena, na mawimbi yalikuwepo. Wakati wa kupanda simwoni vizuri kwenye ule ukijani, namsikia tu anavyounguruma wimbo wake, vibaya, hana aibu hata mbele ya samaki. Kero tupu.

Halafu akakatisha, sekunde mbili tu, abadilishe ubeti. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshamshika mguu.